Luigi Broglio: Mwalimu wa Roma na Roketi za Ngomeni

Kituo cha anga cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi, chaitwa kwa jina la Luigi Broglio, lakini ni wachache mno hapa pwani wamjuao mwenye jina hilo. Kwetu Mambrui, nilikozaliwa na kusomea chuoni, mahali pale paitwa San Marco basi, kama vile pengine paitwavyo Gongoni au Marereni. Ukimwuliza mvuvi San Marco ni nani, atakuonyesha kwa kidole majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini juu ya miguu mirefu, kisha ataendelea na nyavu zake. Leo nataka kumweleza mtu aliyeyaleta majukwaa hayo, kwa kuwa naona amefanyiwa dhuluma mbili zisizofanana. Wenzake Wataliano wamemsifu mpaka wakasahau kututaja sisi, na sisi tumekilalamikia kituo chake mpaka tukasahau kumjua yeye.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni swali la kijana mmoja. Miaka hii nakaa Rhonda, mtaa ulio upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, jirani na Kaptembwo, si mbali na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru. Ni mtaa wenye watu wengi na nafasi haba, na sisi wapwani tuliomo twajuana. Baada ya sala ya Maghribi huja vijana wa sekondari kuketi nami barazani, wengine kusahihishiwa insha zao, wengine kupitisha wakati tu. Mmoja wao, mshika vitabu vya jiografia, alitaka kujua jambo lililowachekesha wenzake. Alikuwa amesoma kwamba Wataliano walikuja Kenya kurusha setilaiti kwa sababu nchi yetu imekaa juu ya ikweta, mstari ambao masheikh zetu wa elimu ya falaki huuita istiwai. Sasa, ikweta yapita Mogotio, safari fupi tu kutoka Rhonda, na mji wa Nakuru uko kama kilomita 30 tu kusini yake. Malindi iko zaidi ya kilomita 300. Basi kwa nini Wataliano waliipita Nakuru wakaenda kujenga baharini?

Mimi sikucheka, maana swali lile ni la haki, na jawabu lake ndilo maisha ya Broglio yenyewe.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 katika mji wa Mestre, ulio bara ya pili ya Venice. Msomaji wa Mombasa na aifikirie Mestre kama Likoni ikikitazama kisiwa cha Mvita. Venice ulikuwa mji wa mabahari na wafanyi biashara, ambao kwa karne nyingi walikuwa wakinunua Misri viungo vilivyotoka Bara Hindi. Walii wao Wakristo wa mji huo ndiye San Marco, yaani Marko, na simba wake mwenye mbawa ndiyo alama ya mji hata leo. Jina tunalolitamka Mambrui kama jina la kitongoji, basi, ni jina la nyumbani alilolibeba Broglio kutoka kwao.

Alisomea uhandisi katika chuo kikuu cha Roma, kiitwacho La Sapienza, kisha akaingia katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la anga la Italia. Hiyo ilikuwa zama ya Mussolini. Serikali yake ilikuwa imejenga Guidonia, karibu na Roma, mahali maalumu pa kuchunguza ndege na mwendo wa hewa, na huko ndiko Broglio alikofanya kazi wakati wa vita. Hapa pana jambo ambalo waandishi wa Kitaliano hulipita upesi, lakini mtu wa pwani hawezi kulipita. Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za jeshi hilohilo la anga zilikuja zikaangusha mabomu Malindi, mji uliokuwa haumdhuru mtu. Broglio hakuwamo katika ndege zile. Yeye alikuwa mtu wa hesabu na wa vyumba vya majaribio. Hata hivyo sare ilikuwa moja. Wataliano wa kwanza kuonekana na Malindi kutoka angani walikuja na mabomu, na miaka 24 baadaye mhandisi wa jeshi lilelile alirudi mahali palepale akiwa na roketi za kupima hewa. Dunia ina mizunguko yake.

Baada ya vita Broglio alirudi kufundisha, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka uzee wake. Mwaka 1926 mwanachuoni mmoja mkubwa, Gaetano Arturo Crocco, alikuwa ameanzisha katika chuo kikuu cha Roma shule ya uhandisi wa ndege. Mwaka 1952 Crocco alistaafu, na Broglio akakalia kiti chake. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Mara alianza kujenga mitambo ya kujaribia, nayo ni mabomba makubwa ambamo hewa husukumwa kwa kasi ipitayo kasi ya sauti, kisha huwekwa mfano mdogo wa chombo ndani yake ili kuona hewa itaufanyaje. Wanafunzi wake hawakusoma vitabuni peke yake, bali walikaa na mitambo hiyo na kushika spana. Miaka kumi baadaye, alipotaka watu wa kurusha setilaiti, hakuhitaji kuwatafuta mbali, maana alikuwa amewafunza mwenyewe.

Alikuwa pia ofisa, na alipanda hadi akawa jenerali. Vyeo viwili kwa mtu mmoja, ualimu na ujenerali, si jambo la kawaida kwetu. Lakini ndicho kilichomfaa, kwani chuo kilimpa akili za vijana, na jeshi likampa mafundi, meli na viwanja. Jeshi la anga lilikuwa na uwanja wa kurushia makombora huko Sardinia, na mwaka 1961 Broglio na watu wake walirusha kutoka pale roketi ndogo zilizopanda juu sana na kumwaga mvuke wa madini ya sodiamu. Mvuke ule uling'aa angani, nao wakaupiga picha wajue upepo wa juu wakimbia vipi na kuelekea wapi.

Wakati huo mashindano ya anga yalikuwa yamepamba moto. Urusi ilikuwa imerusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, Marekani ikafuata mwaka 1958, na mataifa mengine yote yakawa watazamaji. Mwaka 1959 baraza la utafiti la Italia liliunda kamati ya mambo ya anga, Broglio akawekwa kuwa mwenyekiti wake. Nchi ile haikuwa na roketi ya kufikisha kitu kwenye mzunguko wa dunia, wala haikuwa na fedha za kuitengeneza. Mtu mwingine angengoja. Broglio alikaa na wenzake akatafuta ni kitu gani ambacho Warusi na Wamarekani hawajakifanya, kisha akaona ni vipi atakifanya kwa vifaa vya kuazima.

Kitu chenyewe kilikuwa hewa. Juu kabisa, mamia ya kilomita kutoka ardhini, hewa haijaisha. Ipo, ila ni nyembamba mno, na wembamba huo wote watosha kuivuta setilaiti kidogo kidogo mpaka ikaanguka na kuungua. Mtu asiyejua hewa hiyo ina uzito gani hawezi kusema setilaiti yake itaishi mwezi au mwaka. Tena hewa ile haitulii. Jua likiichoma huvimba na kupanda, na usiku hunywea. Na hakuna mahali jua lichomapo kwa wima kama huku kwetu kwenye ikweta.

Broglio alibuni mizani ya kuipima. Kuielewa, chukua nazi kavu ambayo kifuu chake kimeachana na kumbi, kikawa chacheza ndani. Setilaiti yake ilikuwa mfano wa nazi hiyo, yaani ganda jepesi la nje, na ndani yake kiini kizito, viwili hivyo vikiunganishwa na mikono ya chuma inayonyumbuka. Hewa ililipiga ganda na kulisukuma nyuma, kiini kwa uzito wake kikaendelea na mwendo, na tofauti ndogo baina yao ikapimwa na kutumwa chini kwa redio. Kwa hesabu hiyo uzito wa hewa ulijulikana papo hapo, mahali hapo, saa hiyo. Sisi tuliosoma chuoni, neno mizani laandamana na habari za mbingu tangu utotoni mwetu, nami nilipokisoma kifaa hiki kikiitwa mizani ya Broglio nilitulia kidogo kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Turudi sasa kwenye swali la Rhonda. Setilaiti ikirushwa kutoka nchi za kaskazini haiwezi kuufuata mstari wa ikweta. Ni lazima njia yake ipande kaskazini na kushuka kusini, ikiukata mstari huo na kuuacha kila mzunguko, ila kama itachoma fueli nyingi mno kujigeuza huko huko juu. Atakaye iifuate ikweta dunia nzima hana budi airushie karibu na ikweta. Tena pana faida ya pili. Dunia yazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi yaenda kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Roketi iondokayo hapo ikielekea mashariki hupewa mwendo huo bure, kama mtu arushaye kitu mbele akiwa juu ya chombo kilichokwisha kushika tanga.

Mpaka hapo Nakuru yashinda. Lakini roketi ya zama zile, iliyoitwa Scout, ilikuwa na hatua nne, moja juu ya nyingine, na kila hatua ikimaliza fueli yake hukatika na kuanguka. Upande wa mashariki wa Nakuru uko Bahati, iko milima ya Nyandarua, yako mashamba ya Nyeri na Meru, kisha nyika mpaka mpaka wa Somalia. Ni kiasi cha kilomita 700 za nchi kavu, zenye watu na mifugo yao, kabla ya kufika baharini. Nani atakubali chuma kilichojaa moto kimwangukie shambani? Mashariki ya Ngomeni, kinyume cha hayo, hakuna ila bahari. Ghuba ya Ungwana ina maji ambayo miguu ya jukwaa yaweza kufika chini, na mbele yake bahari ya Hindi imefunguka wazi. Kijana alinyamaza akafikiri, kisha akaniambia kwamba basi Rhonda imeshindwa na bahari, si na ramani. Nikamwambia ndivyo.

Roketi ya Scout haikuwa ya Wataliano. Ilikuwa ya Wamarekani, ndefu kiasi cha mita 22, iendeshwayo kwa fueli kavu mfano wa baruti, na bei yake ilikuwa nafuu kwa roketi. Mwaka 1962 Broglio alipatana na shirika la anga la Marekani, NASA, kwamba Wamarekani watatoa roketi na kuwafunza watu wake, na yeye ataleta setilaiti, mahali pa kurushia na watu wa kurusha. Msomaji asidhani ulikuwa ukarimu mtupu. Marekani ilikuwa katika vita baridi na Urusi, ikataka marafiki wa Ulaya, na mahali pa kurushia kwenye ikweta kulimfaa yeye pia. Hata hivyo, kati ya mataifa yaliyopewa nafasi ya namna hiyo, ni Broglio aliyesisitiza kwamba watu wake wenyewe ndio watakaoikusanya roketi na kubonyeza kitufe. Wengine waliridhika kuwapa Wamarekani setilaiti zao wawarushie.

Jukwaa la kwanza alilipata kwa Enrico Mattei, mkuu wa shirika la mafuta la Italia, ENI. Lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta baharini. Mattei mwenyewe hakuliona likifika, kwani alifariki katika ajali ya ndege mwezi wa Oktoba 1962. Jukwaa likapewa jina Santa Rita, likakokotwa na meli kutoka Italia, likapita mfereji wa Suez na Bahari ya Sham, likazunguka pembe ya Somalia na kuteremka hadi kwetu. Hiyo ni njia ileile ya majahazi, ila jahazi hili lilikuwa na miguu. Mwaka 1964 roketi ndogo za majaribio ziliruka kutoka juu yake. Jukwaa la pili, liitwalo San Marco hasa, lilikuwa tishari la jeshi la Marekani lililogeuzwa matumizi. Likawekwa Ungwana mwaka 1966. Moja likawa la kurushia na jingine la kuongozea kazi, yakiungana kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji. Jukwaa la mafuta, tishari la jeshi, roketi ya kuazima. Ukitazama vyema utaona kwamba chake Broglio mwenyewe kilikuwa ni ile mizani na wale wanafunzi.

Hakufanya haraka. Tarehe 15 Desemba 1964 setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa kutoka kisiwa cha Wallops huko Marekani, na waliorusha walikuwa ni Wataliano wenyewe. Ilikuwa mtihani wa wanafunzi mbele ya walimu wao. Walipofaulu, ndipo walipokuja huku. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 iliondoka Ungwana ikashika njia ya ikweta. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti kurushwa kutoka jukwaa lililo baharini. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini wazee wa Mambrui walinisimulia sana habari za roketi zile, za ngurumo isiyo na mvua na moto ulioingia mawinguni, na wengine walichanganya roketi moja na nyingine, kila mmoja akaapa kwamba yake ndiyo ya kwanza.

Roketi iliyoipa pwani yetu jina duniani haikubeba setilaiti ya Broglio. Ilibeba ya Wamarekani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Marekani kukubali setilaiti yake irushwe na watu wa taifa jingine. Iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Bibi Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo upande wa NASA, aliona si haki kuiacha na jina la herufi na tarakimu siku kama hiyo, ikaitwa Uhuru. Neno letu likaingia katika vitabu vya falaki vya dunia nzima.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutazama mbingu kwa mionzi ya eksirei, ile ile ambayo daktari hutumia kuona mifupa. Mionzi hiyo itokayo kwenye nyota haifiki ardhini, kwa kuwa hewa huizuia, nasi tumshukuru Mungu kwa kizuizi hicho. Aliyeongoza utafiti alikuwa Riccardo Giacconi, Mtaliano wa Genoa aliyehamia Marekani. Kwa nini kutoka Ungwana? Kwa sababu setilaiti ikiifuata ikweta chini chini huepukana na sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa na sumaku ya dunia, ambayo ingekivuruga chombo. Mpaka mwezi wa Machi 1973 kilipoacha kufanya kazi, Uhuru ilikuwa imeorodhesha mahali 339 angani patokapo eksirei. Kabla yake palijulikana makumi tu. Ilisaidia pia kutambua kwamba ndani ya kundi la nyota liitwalo Cygnus mna kitu kizito kisichoonekana, ambacho wanasayansi leo wanakiita shimo jeusi. Giacconi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kutoka mwaka 1967 hadi 1988 setilaiti tisa zilirushwa kwa roketi za Scout kutoka Ungwana, nyingine za Italia, nyingine za Marekani, moja ya Uingereza, na zote tisa zilifika. Hakuna hata moja iliyoanguka baharini. Katika kazi ambayo mataifa makubwa yalikuwa yakipoteza roketi kila mwaka, hiyo ni sifa ya kumtosha mwalimu yeyote.

Na sisi je? Hapa ndipo ninapotofautiana na wamsifuo. Wenyeji walipata kazi kituoni, na yasemekana, nami naona ni kweli, kwamba Wataliano waliokuja kwa ajili ya roketi ndio waliofungua mlango wa utalii wa Kitaliano Malindi. Lakini siku za kurusha mvuvi alikuwa akikatazwa bahari yake, na mvuvi halipwi kwa siku asiyovua. Mara kadha wa kadha jambo la kituo limefikishwa bungeni, wabunge wakiuliza nchi yapata nini. Nami lililonisumbua zaidi ya kodi ni hili. Mradi huu ulikuwa mradi wa chuo kikuu. Ulizaliwa darasani, ulikuzwa na walimu na wanafunzi, na kila roketi iliyoondoka iliacha nyuma yake vijana wa Roma waliojua zaidi. Darasa lenyewe lilikuwa mbele ya macho yetu baharini, na watoto wa Ngomeni walilisikia tu likinguruma. Sisemi Broglio aliwafukuza. Nasema mtu aliyejua kuliko wengine kwamba mradi ni watu, alichelewa kuwatazama watu wa pwani kwa jicho hilo, na serikali zetu nazo zilichelewa kumdai.

Uzee haukumletea raha aliyostahili. Mwezi wa Machi 1988 setilaiti yake ya tano, San Marco D/L, iliruka kutoka Ungwana ikiwa na mizani ileile iliyoboreshwa, na mwezi wa Desemba mwaka huo ikaanguka na kuungua, ikavutwa na hewa ile ile iliyotumwa kuipima. Mwaka huo pia Italia iliunda shirika lake la anga, na mambo yaliyokuwa mikononi mwa mwalimu mmoja na chuo chake yakaingia mikononi mwa makatibu na kamati. Broglio alitaka Scout itiwe nguvu mpya na iendelee kuruka kutoka Kenya. Rai yake haikukubaliwa. Wamarekani wakaacha kuitumia Scout mwaka 1994, na majukwaa yakabaki bila roketi ya kubeba setilaiti. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89, mwaka mmoja kabla ya ulimwengu kumtuza Giacconi kwa matunda ya Uhuru. Sijui kama kuna aliyekumbuka siku hiyo ya tuzo kwamba chombo kile kilipakiwa baharini kwetu na wanafunzi wa marehemu. Wanafalaki wameipa jina lake sayari ndogo moja, na kituo cha Ngomeni nacho kikapewa jina hilo.

Kituo hakikufa. Antena zake za nchi kavu zinaendelea kusikiliza. Tangu mwaka 2004 zimekuwa zikipokea habari za chombo kiitwacho Swift, kinachovizia miali mikali itokayo mbali sana angani, na Wachina waliporusha watu wao mwaka 2005 walikuwa na watu Malindi wa kukifuata chombo. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia sahihi mapatano mapya juu ya kituo, na safari hii masomo na mafunzo ya Wakenya yaliandikwa ndani yake.

Lakini habari niliyowapa vijana wa Rhonda, nao wakaniomba niirudie, ni ya kisanduku kimoja. Walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa La Sapienza, chuo cha Broglio, walitengeneza setilaiti ya upana wa sentimita 10 kila upande, ambayo mtu angeweza kuibeba kwenye kiganja. Iliitwa 1KUNS-PF. Ilikuwa imeshinda nafasi iliyotolewa na Umoja wa Mataifa pamoja na Japani, na tarehe 11 Mei 2018 iliachiliwa kutoka chumba cha Wajapani kilicho katika kituo cha kimataifa angani. Ndiyo setilaiti ya kwanza ya Kenya. Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, hewa ya juu iliivuta nayo ikaungua. Mwezi wa Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, ya kutazamia mashamba na ardhi, iliyorushwa kutoka California. Kijana wa jiografia aliuliza tena, kwa nini isirushwe Ngomeni? Nikamweleza kwamba Taifa-1 hupita juu ya ncha za dunia, kaskazini hadi kusini, ili iione nchi yote, na kwa njia hiyo ikweta haina msaada.

Akataka kujua mitihani ya kuingia katika kazi hiyo ni ya masomo gani. Nikamtajia hesabu na fizikia. Wawili kati yao wakatazamana, mmoja akauliza kama Kiswahili hakihesabiwi.